Punje za mahindi mfukoni: siku sita kwenye makao ya wazee Tabora

Siku ya kwanza, ndani ya treni

Treni imetoka Kigoma jioni, jua likiishilia ziwani upande wa Kongo. Mpaka Tabora ni kama kilomita 400. Safari hii mimi, muuguzi, nimepangwa pamoja na kijana wa afya ya mazingira, mwenye bidii na mikono isiyotulia. Tangu tumepanda ananiita mama na kuninyang'anya begi kila ninapolishika.

Tumeombwa kukagua usalama na udhibiti wa maambukizi kwenye makao ya wazee yaliyo nje kidogo ya mji wa Tabora. Jina la makao hayo nalihifadhi. Wametuita wenyewe kabla ya kufikwa na msiba, na mtu aliyekufungulia mlango wa nyumba yake humwaniki barabarani. Wazee ni 28. Walezi ni 7, zamu zote zikijumlishwa.

Kwenye begi nina futi ya kupimia, tochi, daftari, glavu na punje 40 za mahindi ndani ya mfuko wa nailoni. Kijana akauliza za nini. Nikamwambia ataziona kazini.

Uvinza tulinunua chumvi ya zawadi dirishani. Watu hawafikiwi mikono mitupu. Baada ya Nguruka nilisinzia, nikashtuka tuko Urambo, kumekucha, vumbi la Oktoba limetanda juu ya mashamba.

Siku ya pili

Tabora kuna joto, na miembe imebeba maembe mabichi hadi matawi yanainama. Msimamizi, mama wa makamo, alitupokea getini. Nikasalimia "Mwangaluka", wazee waliokuwa kivulini wakaitikia kwa sauti moja, wakacheka walipojua mimi ni Muha kutoka Kigoma.

Siku ya kwanza ya ukaguzi huwa sifungui daftari. Nakaa na wenye nyumba, na wenye nyumba hapa ni wazee. Nilivuta kigoda karibu na bibi mmoja aliyekuwa anachambua mchele, macho yake yameingia ukungu lakini vidole havikosi jiwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali."

Tukaongea ya njiani, ya mvua zilizochelewa. Kisha nikamuuliza usiku akibanwa anafanyaje.

"Nasubiri kukuche."

"Na ukishindwa kusubiri?"

"Nisishindwe, ndiyo maana maji sinywi tangu alasiri."

Hilo jibu lilinikaa rohoni siku nzima. Mzee asiyekunywa maji mkojo unakuwa mzito, vijidudu vinapata pa kuzaliana, homa inakuja, kichwa kinavurugika, anaamka usiku hajui aliko, anaanguka. Nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawasimami tena. Na chanzo chake hukioni kwenye faili lolote. Kiko kwenye njia ya chooni. Nikaipima njia hiyo: hatua 23 kutoka mlango wa bweni la wanawake, ngazi mbili zisizolingana kimo, taa moja iliyoungua, hakuna pa kushika. Ngazi ya pili ukingo wake umemomonyoka, na mchanga umejaa pale kisigino kinapotua.

Siku ya tatu

Leo nimefuata beseni.

Ni beseni la bluu, lina ufa upande mmoja, mtu ameuziba kwa plastiki ya kuyeyusha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlezi, binti wa miaka ishirini na kitu, alilijaza maji ya vuguvugu, akabeba taulo moja na kipande cha sabuni, akaanza na wazee wasioweza kwenda bafuni. Wa kwanza ni bibi mwenye kidonda kisigino. Akamwosha kwa upole ambao wauguzi wengi tungejifunza kwake, anaongea naye, anamfunika kanga sehemu asiyoiosha. Akamaliza, akakamua taulo, akahamia kitanda cha pili. Taulo lilelile, maji yaleyale. Wazee watano aliwaosha, maji alibadilisha mara mbili. Alipolitua beseni nikapitisha ukucha kwenye ile plastiki ya ufa. Ukucha ulirudi na utando wa kijivu unaoteleza.

Nikiwa nimekaa pembeni, punje zote 40 zilikuwa mfuko wa kushoto wa gauni. Kila ilipofika nafasi ambayo mkono unatakiwa kunawa, nilihamishia punje moja mfuko wa kulia. Nafasi hizo Shirika la Afya Duniani limezipanga tano: kabla ya kumgusa mtu, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kufunga kidonda, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mtu, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Mikono iliponawa kweli, nilipiga alama kwenye kiganja kwa kalamu. Mwisho wa saa mbili punje zilikuwa 31, alama 7.

Nilizitazama zile alama saba. Zote zilikuwa baada ya kinyesi, mkojo au kidonda. Kabla ya kumgusa mzee hapakuwa na hata moja. Mlezi ananawa kujilinda yeye, na simlaumu, mwili wenyewe unakutuma hivyo. Lakini mzee wa kitanda cha pili naye anahitaji kulindwa na kitanda cha kwanza, na ulinzi wake wote uko kwenye mikono ya huyu binti.

Nikamuuliza, "Mwanangu, bomba liko wapi?"

Akanionyesha. Bomba liko nyuma ya jiko. Nilitembea mwenyewe nikihesabu: hatua 44 kwenda, 44 kurudi. Mji wa Tabora unapata maji ya Ziwa Victoria, ila huku pembezoni wanategemea kisima na pampu. Kwa nafasi 31, kunawa dakika nzima na kutembea kila mara, kama saa nzima ingekwisha njiani na bombani kabla hajamvisha mtu nguo. Kijana alikuwa ameshaandika kwenye fomu "walezi hawazingatii unawaji mikono". Nikamwomba aifute, aandike umbali wa maji kwa hatua.

Stoo tulikuta ndoo mbili za koki za wakati wa korona, 2020. Moja ilikuwa na maharage ndani. Sisi wa Kigoma tuliona jambo hilohilo baada ya ugonjwa wa virusi vya Marburg kuzuka kwa jirani zetu Kagera mwaka 2023: ndoo zikajaa milangoni, hofu ilipopita zikakauka. Tukahamisha maharage, tukazisugua, tukaziweka katikati ya vitanda, kila moja na sabuni yake na ndoo ya kupokea maji machafu. Kazi hiyo haikuzidi nusu saa.

Jambo jingine dogo la leo: babu mmoja ana mpira wa mkojo, na mfuko wake unaburuzwa sakafuni. Tumeutundika kwenye fremu ya kitanda, chini ya kiwango cha kibofu ili mkojo usirudi juu, bila kugusa sakafu. Kopo la kumwagia lilikuwa moja kwa watu wawili. Sasa ni mawili, kila moja na jina.

Siku ya nne

Asubuhi ilikuwa ya jiki. Chupa yao imeandikwa asilimia 3.5, na mlezi wa usafi anachanganya kwa kukadiria na jicho. Nilimwomba achanganye mbele yangu mara tatu, na mara zote tatu ikawa tofauti. Hesabu yake haina ugumu: kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji inatoa nguvu ya asilimia 0.5, ndiyo inayotumika palipomwagika damu au uchafu wa mwili. Tukachukua kikombe cha plastiki, tukakichora mstari kwa rangi ya kucha, kikafungwa kamba kwenye chupa. Dawa ichanganywe upya kila siku, maana ikilala inapungua nguvu. Na sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni, kwa sababu klorini iliyomo kwenye jiki ikikutana na uchafu inamalizikia huko na vijidudu vinabaki.

Kilichonitisha ni chungu cha usiku. Ili kuua harufu, walikuwa wanamimina jiki moja kwa moja juu ya mkojo. Nilisikia bibi akikohoa kikohozi kikavu, nikaingia, macho yangu yakachoma hapohapo. Jiki ikichanganyika na mkojo inatoa hewa inayounguza mapafu, na mapafu ya mtu wa miaka themanini hayana akiba. Nilitoa chungu nje, nikafungua madirisha, kisha nikawaita walezi wote waje wanuse kwa mbali. Mkojo umwagwe, chungu kisuguliwe kwa sabuni, kisuuzwe, ndipo kipitishiwe dawa.

Baada ya chai tukakagua ngozi. Nilianza na mikono yangu mwenyewe mbele yao, ndipo nikaomba ya kwao. Kati ya vidole vya bibi mmoja kulikuwa na vijistari vyembamba kama mkwaruzo wa sindano. Upele. Tukawapata wazee wanne, na mlezi mmoja aliyekuwa anaficha kwa mikono mirefu ya sweta, katika joto hili.

Hapa lazima niseme la kwangu. Nikiwa muuguzi mpya, wodini alikuja babu mwenye upele. Nilimpaka dawa vizuri, nikamtibu yeye tu, nikaridhika. Baada ya wiki chache nusu ya wodi ilikuwa inajikuna, na babu yule aliambiwa ndiye aliyeleta. Aliacha kula pamoja na wenzake. Mtu anayeambukizwa upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa huku tayari anao na anaambukiza, kwa hiyo siku ile nilipomtibu mmoja, wengine walikuwa nao kimyakimya. Kosa lilikuwa langu na aibu akaibeba yeye.

Kwa hiyo leo sikukubali kuulizwa nani kaleta. Nimeandika: wote 28, walezi wote 7, na familia za walezi nyumbani, wapakwe siku moja, kisha warudie kama daktari atakavyoelekeza. Nguo na mashuka ya siku hiyo yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko siku kadhaa, kwa kuwa mdudu wa upele akitoka mwilini mwa mtu haishi zaidi ya siku mbili au tatu. Na waambiwe mapema kwamba muwasho unaweza kuendelea wiki mbili au zaidi baada ya dawa kufanya kazi, la sivyo watapaka na kupaka mpaka ngozi iungue.

Usiku wa siku hiyohiyo

Nilikataa kulala nyumba ya wageni. Makao ya mchana na makao ya usiku ni nyumba mbili tofauti.

Saa nne usiku mlezi alikuwa mmoja. Wazee wasioweza kujigeuza ni sita, na ili wasipate vidonda vya mgandamizo wanapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Nilikaa naye na saa mkononi. Kumgeuza mmoja, kumkausha, kubadilisha pampasi na kunyoosha shuka ni dakika kumi, na hakuwa mzembe hata kidogo. Sita ni saa nzima. Nusu ya usiku wake imeshakwenda kwa watu sita, wamebaki ishirini na wawili, na mmoja wao anaita mkewe aliyefariki. Saa tisa nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, macho wazi. Kile kidonda cha kisigino cha yule bibi nilikielewa pale.

Mlango wa nyuma ulikuwa na kofuli. Ufunguo uko kwa mlinzi, getini. Ndani, kwenye korido, jiko la mkaa lilikuwa linachemsha maji ya kuogea alfajiri. Nilisimama kati ya lile jiko na lile kofuli nikasikia baridi mgongoni. Mkaa ukiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa unatoa hewa isiyo na harufu inayomlaza mtu asiamke, na cheche moja kwenye godoro la sponji ingetosha. Mtungi wa kuzimia moto upo, nyuma ya gunia la mkaa, mshale wake umelala kwenye nyekundu.

Nilimuuliza mlezi kwa nini wanafunga. Akaniambia kuna mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aliyetoka usiku akaenda "nyumbani", wakamkuta asubuhi porini chini ya mninga, miguu imechanika. Kwa hiyo kofuli limewekwa na watu waliowahi kumtafuta mtu gizani. Usiku uleule tulitoa jiko nje, chini ya banda. Kofuli tuliliacha mpaka asubuhi tupate mbadala.

Siku ya tano

Fundi amekuja mapema. Komeo la ndani limewekwa juu, mtu mzima aliyesimama analifikia bila ufunguo. Mlangoni imetundikwa kengele ya ng'ombe iliyonunuliwa sokoni. Mlango ukiguswa, bweni zima linajua. Yule mzee aliijaribu mwenyewe mara tatu, ikampendeza. Ukutani, kwa rangi nyekundu, tumeandika namba ya zimamoto, 114.

Ndipo tukafika chumba cha wanaume sita. Madirisha mawili, yote yamepigiliwa mbao kwa sababu ya mbu. Mzee wa pembeni alikuwa anakohoa ndani ya kitambaa. Nikauliza tangu lini. "Kifua cha tumbaku," alisema mwenyewe. Alikausha tumbaku miaka mingi huko Urambo. Mwenzake akasema: "Tangu kabla ya maembe kutoa maua."

Kikohozi kikifika wiki mbili tunapima kifua kikuu, iwe mtu alivuta tumbaku au hakuvuta. Tulimsogeza nje kwenye upepo, mbali na watu, akatoa makohozi kwenye kopo, mfuniko ukakazwa, kijana akaondoka nalo kwa bodaboda kwenda maabara. Mzee alihamishiwa chumba cha pekee chenye dirisha, akapewa barakoa ya kuvaa anapotoka. Hakupenda. Nilikaa naye mpaka akala.

Alasiri fundi aling'oa mbao zote. Pale pakawekwa wavu wa mbu, na vyandarua vilivyokuwa vimekunjwa stoo vikafungwa juu ya vitanda. Kijidudu cha kifua kikuu kinaelea hewani, na kwenye nyumba kama hii kinga kubwa kuliko zote ni upepo unaoingia huku na kutokea kule. Mwanga ulipoingia chumbani babu mmoja alinyanyua mkono wake akautazama pande zote mbili.

Siku ya sita

Nilihesabu tena punje. Nafasi 29, alama 18, na sita kati yake ni kabla ya kumgusa mzee. Kila mzee wa kitandani sasa ana kitambaa chake chenye namba, kimetundikwa kwenye ncha ya kitanda chake. Beseni la ufa limetupwa na mimi mwenyewe. Taa ya njia ya chooni inawaka, ngazi zimesakafiwa, na bomba la chuma la kushika linaunganishwa kesho. Bibi wa mchele amepelekewa kopo la maji saa kumi jioni, na nimemwona akilimaliza.

Kikao na msimamizi kilikuwa kigumu. Kwenye ripoti nimeweka mlezi wa pili wa usiku namba moja, juu ya kila kitu. Aliniomba nikishushe kipengele hicho, kwa kuwa fedha hazipo, na wafadhili wakisoma kwanza kitu kisichowezekana watakata tamaa. Anayasema haya mtu ambaye mshahara wake mwenyewe unachelewa. Namheshimu sana, lakini sikukishusha. Nimeandika hesabu yote ya usiku ule, dakika kwa dakika, ili atakayesoma aone mwenyewe kwamba mtu mmoja hawezi. Vingine vyote tulivyorekebisha wiki hii vitategemea mtu ambaye hajalala.

Wakati wa kuaga, yule binti wa beseni alinifuata getini.

"Mama, tuachie zile punje. Tutahesabiana wenyewe."

Nikampa mfuko mzima.

Treni ilichelewa, tukapanda giza limeshaingia. Tulikuwa tumepita Kaliua msimamizi alipopiga simu, mtandao unakatika. Majibu ya mzee wa tumbaku yametoka: ni kifua kikuu. Dawa anaanza kesho, hazilipiwi, atazinywa miezi sita. Wenzake watano wa chumbani na walezi wote wataanza kuchunguzwa asubuhi. Nilisikia anavyohema.

Nikamuuliza dirisha la chumba kile likoje sasa hivi. Akaniambia nisubiri. Nikasikia kandambili zake zikipiga sakafu ya korido, mlango, halafu sauti yake kwa chini, asiwaamshe.

"Yako wazi, mama. Yote mawili."